Kivuko na Daraja: Kwa Nini Mama Zetu ni Wachache Bungeni?

 

Likizo ya mwaka juzi nilikuwa nyumbani Lupiro. Siku moja nilimsindikiza baba mdogo kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji kimoja huku kwetu Ulanga. Jina la kijiji niliache. Ajenda ilikuwa moja tu: kisima cha pampu kichimbwe wapi. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wengine juu ya pikipiki zao. Kina mama walikaa nyuma, chini, kwenye khanga, miguu wameinyoosha. Waliosimama kuzungumza walikuwa tisa. Niliwahesabu, wote wanaume. Tena walizungumza vizuri, kwa hoja. Mwishowe ikapitishwa kisima kichimbwe karibu na ofisi ya kijiji, kwa sababu ni katikati na ni rahisi kukilinda.

Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Pale maji yanakatika mwezi wa kumi." Mwenzake akamwambia, "Si useme?" Yule mama akacheka kidogo, akajifunga khanga yake vizuri, akasema, "Nani anisikilize mimi?"

Mimi nilisikia. Nilikuwa nimeshamaliza shahada ya falsafa. Najua kunyoosha mkono, na kwa kuwa ni frateri wangenisikiliza. Ningeweza kusema, "Ndugu mwenyekiti, kuna mama hapa ana neno." Nikanyamaza. Kisima kikachimbwa. Nilipopiga simu nyumbani mwezi wa kumi na moja nikaambiwa kina mama wa kule wamerudi mtoni na ndoo zao.

Swali langu la leo ni kwa nini wanawake ni wachache kwenye mabunge. Mtasema Frateri ametoka kisimani ameingia Dodoma, vinahusiana nini? Mimi nadhani ni jambo lilelile, ila ukumbi ni mkubwa zaidi.

Tuanze na hesabu

Ukiangalia Bunge letu kwenye luninga unaona wanawake wengi tu. Ni zaidi ya theluthi. Sasa tuingie ndani kidogo. Baada ya uchaguzi wa 2010 wabunge wanawake walikuwa 126 kati ya wabunge 350. Lakini katika hao 126, walioshinda majimboni walikuwa 21, na majimbo yalikuwa 239. Waliobaki, 102 waliingia kwa viti maalum na watatu waliteuliwa na Rais. Mwaka 2015 na 2020 majimbo yakafika 264, na wanawake walioshinda majimboni hawakufika 30 mara zote mbili. Yaani katika majimbo kumi, mwanamke alishinda moja hivi. Pengine halikufika.

Duniani kote wanawake ni kama robo tu ya wabunge, kwa hiyo jambo hili si la Tanzania peke yake. Majirani zetu wa Rwanda wamevuka asilimia 60 katika Baraza la Wabunge, kwa hiyo si jambo la Afrika wala la "mila zetu" kiasi kwamba haliwezi kubadilika.

Na sisi wa Ulanga ndiyo kabisa hatuna ruhusa ya kusema kwamba mwanamke hachaguliki. Marehemu Celina Kombani alichaguliwa na jimbo la Ulanga Mashariki mwaka 2005, akarudishwa tena 2010. Alikuwa Waziri wa TAMISEMI, kisha Waziri wa Katiba na Sheria, kisha Waziri wa Utumishi. Alifariki Septemba 2015 huko India alikokwenda kutibiwa, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Waliompigia kura si Wanyarwanda. Ni baba zetu, mama zetu, babu na bibi zetu, wakulima wa mpunga wa bonde hili. Tangu hapo jimbo letu halijapata tena mbunge mwanamke. Kwa hiyo swali si kama inawezekana. Swali ni kwa nini iwe nadra hivi.

Majibu ya kijiweni

Nimewauliza watu wengi. Majibu makubwa ni matatu.

La kwanza: "Hawagombei wenyewe." Ni kweli wengi hawagombei. Lakini jiulize kugombea kunahitaji nini. Kwanza kunahitaji muda. Msimu wa mpunga hapa kwetu mama anaamka alfajiri, anapika, anakwenda shamba, anapalilia, jioni anarudi na kuni kichwani, anapika tena. Baba naye anafanya kazi, sikatai, lakini jioni baba yuko kijiweni, na siasa inafanyika kijiweni jioni. Pili kunahitaji pesa, na pesa ya bonde hili inatoka kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza kumbagua mwanamke katika ardhi. Ni sheria nzuri. Lakini tunajua wenyewe shamba limeandikwa jina la nani, na magunia yakishauzwa pesa inakaa mfuko wa nani. Tatu kunahitaji ngozi ngumu. Mwanamume akigombea ataambiwa hana sera. Mwanamke akigombea ataulizwa mume wake yuko wapi, na kama hana mume ataulizwa kwa nini hana. Na lipo jambo chafu zaidi linalosemwa chini chini, la mtu mwenye nafasi kumtaka mwanamke rushwa ya mwili ili jina lake lipite. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inalitaja kuwa kosa, na sheria haitungwi dhidi ya jambo ambalo halipo.

Isitoshe, kwetu huwezi kugombea ubunge bila chama. Jina lako linapita kwanza kwa wajumbe. Mnaujua ule utani kwamba wajumbe si watu wazuri! Kabla mwananchi hajaona karatasi ya kura, mchujo umeshafanyika kwenye chumba ambacho wengi wetu hatujawahi kuingia.

Jibu la pili: "Wanawake wenyewe hawapendani. Wako wengi, mbona hawachaguani?" Hili nalisikia kila mahali na linanichosha. Kwanza mpiga kura anachagua kati ya majina yaliyofika kwenye karatasi, na tumeshaona jinsi yanavyofika. Pili, wanaume nao hawapendani. Kila jimbo wanaume wanachafuana na kununuliana wajumbe, na hakuna anayehitimisha kwamba wanaume hawafai uongozi kwa sababu hawapendani. Hoja ambayo ingewaangusha watu wote, ila inatumika kwa upande mmoja tu, si hoja. Ni kisingizio.

Jibu la tatu: "Tunataka uwezo, si jinsia." Sawa, hata mimi nataka uwezo. Nenda basi kwenye VICOBA vya kina mama hapa Lupiro. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Anayechelewa analipa faini, anayekopa anadhaminiwa, mwisho wa mwaka wanagawana, na hesabu inatimia hadi shilingi ya mwisho. Ni halmashauri ngapi zinafanya hivyo? Kama uwezo ungekuwa ndicho kigezo kweli, tungetegemea kuwaona kina mama wengi zaidi. Kwa kuwa hatuwaoni, basi kuna kitu kingine kinachochuja.

Je, ni dhambi au ni bahati mbaya tu?

Hapa ndipo falsafa inaponisumbua. Mtu anaweza kusema: sawa, wako wachache, lakini kuna ubaya gani? Mbunge mwanamume mwema anaweza kuwasemea wanawake vizuri tu. Baba anawasemea watoto wake, na hatulalamiki.

Aristoteli, ambaye tunamsoma sana seminarini, aliandika kwamba mwanamke ana akili ya kupima mambo lakini akili hiyo haina mamlaka. Maneno hayo yamebebwa na vizazi vingi, na sisi watu wa Kanisa tumeyabeba pia. Lakini katika kitabu hichohicho cha *Siasa* Aristoteli anasema jambo jingine: kwamba anayekaa ndani ya nyumba anaijua kuliko fundi aliyeijenga, na anayekula karamu anaihukumu vizuri kuliko mpishi. Wazee wetu wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama ni hivyo, anayechota maji ndiye anayejua kisima. Anayekesha na mtoto mwenye malaria ndiye anayejua kama kituo cha afya kina dawa. Hoja ya pili ya Aristoteli inaipiga ya kwanza, na nadhani ya pili ndiyo ya kweli.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Tuangalie hayo maneno mawili: akili, na manufaa ya wote. Akili inayopanga kisima bila kujua kwamba maji yanakatika mwezi wa kumi si akili kamili. Imekosa habari, na habari ilikuwepo palepale, imekaa chini kwenye khanga. Na manufaa ya wote hayawezi kujulikana vizuri kama nusu ya hao wote hawako chumbani.

Kuhusu baba na watoto: mtoto anasemewa kwa sababu bado hajakomaa, na lengo la kumsemea ni kumfikisha siku ya kujisemea. Mtu mzima anayesemewa siku zote, hata akisemewa vizuri, anageuzwa mtoto. Hapo ndipo penye jeraha la haki, hata kama hakuna aliyekusudia kuumiza.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi wanawake wote wanafikiri sawa. Mama yangu na shangazi yangu hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mboga. Wala sisemi mwanamke akiingia bungeni anakuwa malaika. Wapo wabunge wanawake wasiotetea mtu, kama walivyo wanaume wa namna hiyo. Ninachosema ni kidogo zaidi: pale ambapo sheria ya wote inatungwa, mtu asichujwe kwa sababu ambayo haihusiani na kazi yenyewe.

Na Kanisa limelisema hili. Mtaguso wa Vatikano wa Pili katika *Gaudium et Spes* namba 29 unafundisha kwamba ubaguzi wa haki za msingi, ukiwemo wa jinsia, ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mwaka 1995 dunia ilipokuwa ikijiandaa kwa mkutano wa wanawake kule Beijing, Katibu Mkuu wa mkutano huo alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe aliyesomeshwa na masista wa Maryknoll hapa mkoani kwetu, Marian College, Morogoro. Mei 1995 Papa Yohane Paulo II alimpokea Vatikano na kumkabidhi ujumbe wake, na mwezi uliofuata akawaandikia wanawake wote duniani barua. Humo aliomba radhi kwa sehemu ambayo watoto wa Kanisa wameshiriki katika kuwadharau wanawake, na akataka wawepo katika maisha ya jamii, uchumi na siasa. Papa aliomba radhi. Sisi vijana wa jumuiya tunaona shida gani?

Kivuko na daraja

Wengine watasema tatizo limeshatatuliwa, kuna viti maalum. Wa kwetu mtanielewa nikisema hivi: viti maalum ni kivuko.

Mnakumbuka kuvuka Mto Kilombero kwenda Ifakara kabla ya daraja. Kivuko kilitusaidia, hakuna wa kukibeza. Wagonjwa wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko walivukia pale, na mpunga wetu ulivukia pale. Lakini ulivuka kwa saa ya kivuko, si kwa saa yako. Ulisubiri. Aliyekiendesha ndiye aliyesema nani apande sasa na nani asubiri. Na Januari 2016, dhoruba ilipokuja, kivuko kikazama. Mwaka 2018 daraja likafunguliwa, mita 384, na leo mwanafunzi anavuka kwa miguu yake saa yoyote bila kumwomba mtu.

Viti maalum navyo vimevusha wengi. Katiba inasema wabunge hao wasipungue asilimia 30, na wanagawiwa vyama kulingana na kura zilizopatikana. Wapo wanawake walioanzia humo wakajifunza kazi. Lakini anayeamua nani apande ni chama, si mwananchi. Mbunge wa viti maalum hana jimbo ambalo watu wake wanaweza kumwita na kumuuliza. Katiba yetu haimruhusu kuwa Waziri Mkuu, kwa sababu Waziri Mkuu lazima atoke kwenye jimbo. Na kuna hatari nyingine ya chini chini: mwanamke akitaka jimbo anaambiwa, "Dada, nyinyi si mna viti vyenu?" Hapo kivuko kinageuzwa kuwa sababu ya kutojenga daraja.

Je, tukitoe? Hapana. Hakuna aliyekiondoa kivuko mtoni kabla daraja halijakamilika. Ila anayekisifia kivuko kila siku, na hataki kubeba hata jiwe moja la daraja, huyo ana ajenda yake.

"Frateri, anza na Kanisa lenu"

Najua kuna mtu ameshaanza kuandaa swali hili, na ni swali la haki. Kanisa Katoliki linawapa Daraja Takatifu wanaume tu, halafu frateri anakuja kutufundisha usawa?

Nitajibu kadiri ninavyoelewa. Upadre ni sakramenti. Si haki ya mtu yeyote, hata mimi. Naweza kusoma miaka yote hii na Askofu akaniambia hapana, na sina mahali pa kukata rufaa. Kanisa linafundisha kwamba limeupokea hivyo kutoka kwa Kristo na halina uwezo wa kuubadili. Ubunge ni kitu cha aina nyingine: ni kazi ya raia kuwawakilisha raia. Kuchukua utaratibu wa sakramenti na kuupeleka bungeni ni kuchanganya vitu viwili.

Lakini nisijifiche nyuma ya jibu hilo. Yapo mengi kwenye parokia zetu ambayo hayahitaji upadre. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei hahitaji upadre. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo hahitaji upadre. Hapo je? WAWATA wanafyatua tofali, wanapika siku ya Kipaimara, wanafua vitambaa vya altare, wanachangisha kuliko chama chochote. Kikao kinapofika cha kuamua tofali zijenge nini, wengi wa wanaozungumza ni akina baba, na mama mmoja ndiye katibu kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Hilo hatulipokea kutoka kwa Kristo. Hilo ni letu.

Binti watano

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, wapo binti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi jina lake lingepotea pamoja na urithi wake. Binti hawa hawakumtuma mjomba. Walikuja wenyewe wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai. Musa hakujua la kujibu, akalipeleka shauri kwa Bwana. Na Bwana akasema hao binti wanasema haki.

Kilichonigusa ni sura ya 36. Shauri linaletwa tena, na safari hii wanaokuja ni wakuu wa ukoo, wanaume, wakihofia ardhi itahamia kabila jingine. Linajadiliwa, na binti wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao. Hofu ya wazee ilikuwa na msingi. Lakini ukisoma kwa makini, binti safari hii hawasikiki. Wanajadiliwa. Ukifika kitabu cha Yoshua, sura ya 17, unawakuta wamesimama tena mbele ya viongozi wakikumbushia ahadi ya Bwana, na ndipo wanapewa ardhi.

Mungu alishasema wana haki, na bado ilibidi wasimame mara ya pili. Haki iliyotamkwa bado inahitaji mtu wa kusimama nayo, na wengine wa kumpisha asimame.

Turudi kisimani

Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba miundo ya dhambi ina mizizi katika dhambi za watu binafsi. Hakuna mtu mmoja aliyekaa akapanga wanawake wasifike thelathini kwenye majimbo 264. Imefanyika kidogo kidogo: baba aliyelipa ada ya kaka kwanza, mjumbe aliyeuliza "mume wake anasemaje", kijana aliyecheka mwanamke alipokosea kwenye jukwaa, na frateri aliyesikia neno la kweli nyuma yake akanyamaza kwa sababu hakutaka kuchelewesha mkutano. Mwanzoni mwa Misa tunaungama pia wajibu ambao hatukuutimiza. Mimi nimeuungama huo wangu.

Wiki hii naomba tufanye mambo mawili. Kaka zangu: kwenye kikao chochote, cha jumuiya, cha kwaya, cha VIWAWA, hesabu nani wamezungumza. Kama dada hawajazungumza, usiwasemee. Omba wapewe nafasi, halafu nyamaza. Dada zangu: mkipendekezwa, msikimbilie kusema "naomba mnitoe". Kataa kama una sababu, lakini usikatae kwa sababu ya yule mama mdogo wa hofu anayekuuliza moyoni, "Nani anisikilize mimi?"

*Tusali.* Ee Bwana, uliyewasikiliza binti watano mlangoni pa hema, utupe masikio ya kusikia wanaonong'ona nyuma yetu. Wape mama na dada zetu ujasiri wa kusimama, nasi utupe unyenyekevu wa kuwapisha. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.